Namba Inapovuka Mstari: Vizingiti vya Tahadhari katika Takwimu za Afya

Upande wa mashariki wa milima ya Upare ya Kusini, pale miteremko inapokoma na bonde la Mkomazi linapoanza, imo kata ya Ndungu, wilayani Same. Mto Yongoma hushuka kutoka milimani na kunywesha mashamba ya mpunga yapatayo hekta 680, ambayo mifereji yake ilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani na kukamilika mwaka 1990. Juu yake milima huinuka hadi kilele cha Shengena, zaidi ya meta 2,400 kutoka usawa wa bahari. Baina ya milima hiyo na tambarare watu hupanda na kushuka bila kukoma: wengine hushuka kulima mpunga na kurudi kulala milimani, wengine huishi chini na kupanda kwenda kuwaona ndugu zao. Mpunga hupenda maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama ndiyo makazi ya viluwiluwi wa mbu. Kwa sababu hiyo Ndungu ni mahali panapofaa sana kuelezea jambo ambalo siku hizi huzungumzwa katika kila ofisi yenye kompyuta, nalo ni namna ya kuzifanya takwimu zenyewe zipige mbiu pindi hali inapokwenda kombo.

Katika mabenki, maduka makubwa na mashirika ya uchukuzi, wasimamizi hutazama kioo cha kompyuta kilichojaa jedwali na michoro: mauzo ya jana, akiba iliyomo ghalani, magari yaliyochelewa. Ubao huo wa takwimu huitwa dashibodi, kwa mfano wa ule ubao wa vipimo ulioko mbele ya dereva. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: hausemi mpaka utazamwe. Dereva hawezi kuacha kutazama mbele kwa kuwa yumo garini. Mganga mkuu wa wilaya, kinyume chake, aweza kukaa majuma mawili katika semina au katika ziara za ukaguzi bila kuufungua ubao wake. Ndipo likazuka wazo la kizingiti. Mstari huchorwa juu ya jedwali. Mashine hulinganisha kila takwimu mpya na mstari huo. Takwimu ikivuka, mashine hupeleka ujumbe kwa mhusika popote alipo, ama yuko macho juu ya ubao ama hayuko.

Safari ya takwimu

Tabibu wa kituo cha afya huandika kila mgonjwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, uliosambazwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa muda mrefu majumlisho ya vitabu hivyo yalisafiri kwa karatasi, kutoka zahanati hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na kutoka mkoa hadi Wizara. Mlipuko wa ugonjwa uliotokea mwezi wa tano uliweza kuonekana makao makuu mwezi wa nane, wakati waliougua wamekwisha kupona au kuzikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Afya ilianza kutumia programu ya DHIS2 nchi nzima. Asili ya programu hiyo ni mradi ulioanza Afrika ya Kusini mwaka 1994 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wamefanya kazi kubwa ya kuirekebisha ilingane na mahitaji ya Tanzania. Sambamba nayo ulijengwa utaratibu wa kupokea taarifa za magonjwa ya kuambukiza kwa simu ya mkononi, hata ile ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Mhudumu hubonyeza namba maalumu, hujibu maswali machache, na majumlisho yake ya juma huingia katika hifadhi ya taifa papo hapo.

Kuweka tahadhari ndani ya mfumo wa namna hiyo si kazi ngumu. Mtaalamu hutunga kanuni yenye pande mbili: upande wa kushoto huwekwa takwimu ya juma hili, upande wa kulia huwekwa kizingiti, na katikati huwekwa alama ya kulinganisha. Kisha hutajwa kundi la watu watakaopelekewa ujumbe, na saa ambayo mashine itaipitia kanuni hiyo. Kuna hata sehemu ya kuiagiza mashine ikokotoe kizingiti yenyewe kutokana na miaka iliyopita. Mtu mwenye bidii hujifunza hayo yote kwa siku chache. Kinachohitaji akili ni maswali mawili ambayo programu haiwezi kuyajibu: mstari uchorwe wapi, na mbiu ikisha kulia nani afanye nini.

Mstari uchorwe wapi?

Swali la kwanza ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mtaalamu katika viwanda vya vifaa vya simu vya Western Electric nchini Marekani, alimpelekea mkuu wake karatasi yenye mchoro mdogo. Shewhart alikuwa ameona kwamba vifaa vinavyotoka katika mashine moja havilingani kamwe. Hutofautiana kidogo kwa bahati tu. Mafundi waliokuwa wakiikaza na kuilegeza mashine kwa kila tofauti ndogo walizidi kuiharibu kazi. Kwa hiyo alichora mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini ya wastani, akashauri kwamba tofauti zilizomo baina ya mistari ziachwe, na ile inayotoka nje ndiyo itafutiwe sababu. Vizingiti vyote vya dashibodi za leo ni wajukuu wa mchoro huo.

Kwa baadhi ya magonjwa mstari ni namba moja kwa nchi nzima. Kipindupindu kikithibitishwa kwa mgonjwa mmoja tu, hiyo ni dharura. Hakuna haja ya hesabu. Kwa homa ya uti wa mgongo, katika nchi za ukanda ambako ugonjwa huo hulipuka mara kwa mara, Shirika la Afya Duniani limeweka mistari miwili kwa eneo lenye watu pungufu ya 30,000: wagonjwa 2 wanaoshukiwa katika juma moja ni kizingiti cha tahadhari, na wagonjwa 5 ni kizingiti cha mlipuko. Kuwa na mistari miwili ni busara. Wa kwanza humfanya mtu ainuke, apeleke sampuli maabara na kuhesabu dawa zilizopo. Wa pili humfanya aanze chanjo.

Malaria haikubali namba moja. Ugonjwa huu huja na kuondoka na mvua, na hutofautiana kutoka bonde hadi bonde. Kwa hiyo kila kituo hulinganishwa na historia yake chenyewe: juma la 22 la mwaka huu hulinganishwa na juma la 22 la miaka mitano iliyopita, wala si na juma la 40, ambalo lina mvua nyingine na mbu wengine. Tuchukue hesabu ya mfano tu, isiyo ya kituo chochote. Tuseme kwamba katika juma la 22, kwa miaka mitano mfululizo, kituo kimoja kilipata wagonjwa 14, 9, 41, 12 na 17.

Njia ya kwanza ni kuzipanga namba hizo kwa ukubwa: 9, 12, 14, 17, 41. Ya katikati ni 14. Ile iliyo mwisho wa robo ya tatu, yaani ya nne katika safu hii, ni 17. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa miaka mingi kwamba namba ya robo ya tatu iwe ndicho kizingiti. Uzuri wake ni kwamba mhudumu aweza kuipata kwa penseli bila kikokotozi, na kwamba ule mwaka wa wagonjwa 41 hauivuti. Ubaya wake ni kwamba, kwa maumbile yake, takriban robo ya majuma ya miaka ya kawaida yataivuka; kwa hiyo mbiu italia mara nyingi bila jambo.

Njia ya pili hutumia wastani na kipimo cha mtawanyiko, yaani namba inayoonyesha jinsi takwimu zilivyosambaa kuuzunguka wastani wao. Wataalamu waliofanya kazi kaskazini ya Thailand, wakiongozwa na J. R. Cullen, waliieleza mwaka 1984 kwa ajili ya malaria: kizingiti ni wastani pamoja na mara mbili ya mtawanyiko. Katika mfano wetu wastani ni 18.6 na mtawanyiko ni karibu 12.9, hivyo kizingiti ni 44. Msomaji atazame namba hiyo kwa makini. Mwaka wa tatu bila shaka ulikuwa wa mlipuko, wagonjwa 41, karibu mara tatu ya kawaida. Lakini mlipuko huo huo ukijirudia mwaka huu, mashine itanyamaza kimya, kwa sababu 41 haifiki 44. Msiba wa zamani umeinua mstari na kuuficha msiba mpya. Tukiuondoa mwaka ule, wastani wa miaka minne iliyobaki huwa 13, mtawanyiko huwa karibu 3.4, na kizingiti hushuka hadi 20.

Tofauti ya 44 na 20 haitokani na kosa la hesabu. Inatokana na uamuzi wa mtu juu ya mwaka gani uitwe wa kawaida. Programu ya DHIS2 ina nafasi ya kuamuru majuma ya mlipuko yarukwe wakati wa kukokotoa kizingiti. Wengi wanaoitumia hawajui hata kama nafasi hiyo ipo, na huacha mashine ikokotoe kila kitu kilichomo. Mashine hutii.

Mlimani na bondeni

Ikiwa mstari hutegemea historia ya mahali, basi mstari mmoja kwa wilaya nzima ya Same hauna maana. Wagonjwa watano wa malaria kwa juma katika kituo kilicho kando ya mashamba ya mpunga waweza kuwa jambo la kila mwaka. Wagonjwa hao hao watano katika kijiji kilicho juu mlimani, ambako baridi hupunguza kasi ya vimelea ndani ya mwili wa mbu, ni habari nzito. Ni nzito pia kwa sababu nyingine: watu wa mlimani hawajazoeana na ugonjwa, kinga yao ni ndogo, na kwao malaria haiwaui watoto peke yao. Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ilipata milipuko mikubwa mwaka 1997–98, wakati wa mvua za El Niño, na tena mwaka 2006. Hiyo ni nchi ya miinuko ambako malaria si ya kudumu kama ilivyo pwani.

Kuna jambo jingine linalozidisha uzito huo. Malaria imepungua sana mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea katika pungufu ya asilimia 1 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo. Mtu aweza kudhani kwamba tahadhari sasa si muhimu. Ukweli ni kinyume. Kizazi kinachokua bila kuumwa hakina kinga, na ugonjwa ukirudi pamoja na msafiri kutoka mkoa wenye maambukizi mengi, hukuta nyumba haina mlinzi. Pia hesabu ya wastani na mtawanyiko huharibika namba zinapokuwa ndogo mno. Ikiwa majuma ya miaka mitano yana wagonjwa 0, 1, 0, 0, 2, mstari unaotokana nayo hauna thamani. Hapo inafaa kuacha takwimu za majumlisho na kumfuata kila mgonjwa mmoja mmoja, alikolala majuma mawili yaliyopita na nani analala naye nyumbani. Kizingiti kimekuwa mgonjwa mmoja, kama kwa kipindupindu.

Polepole kama maji ya ndiva

Wakulima wa Upare tangu zamani hujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku kucha ili yafunguliwe mashambani asubuhi. Mfereji wenyewe hutiririka kidogo tu. Ukiutazama kwa dakika moja hutaona lolote la ajabu. Ni ule ujazo wa saa nyingi unaojaza ndiva.

Milipuko mingine huja namna hiyo, na kizingiti cha juma moja moja hakiioni. Turudi kwenye kituo chetu cha mfano, chenye wastani wa wagonjwa 13 na kizingiti cha 20. Tuseme majuma matano mfululizo yameleta wagonjwa 16, 17, 18, 17 na 19, wakati ambapo, kwa kawaida ya msimu, wastani ulipaswa kubaki 13. Hakuna hata juma moja lililovuka mstari. Hata hivyo mtu yeyote mwenye macho anajua kwamba kuna jambo. Mwaka 1954 mtakwimu Mwingereza, E. S. Page, alitoa njia ya kulitambua. Huwekwa kiwango cha uvumilivu kidogo juu ya wastani, tuseme 15, na kila juma ziada juu ya kiwango hicho hutiwa katika kapu. Juma likiwa chini ya 15 upungufu wake hutolewa kapuni, lakini kapu haliendi chini ya sifuri. Katika mfano wetu ziada ni 1, 2, 3, 2 na 4, hivyo kapu huwa na 1, kisha 3, 6, 8 na 12. Tukiamua kwamba kapu likizidi 10 mbiu ilie, italia juma la tano. Njia hii hufaa pia kwa mhasibu anayelinda wizi mdogo wa kila siku, na kwa fundi wa maji anayetafuta bomba linalovuja.

Baina ya mvua na wingi wa wagonjwa hupita muda. Viluwiluwi huhitaji kama siku kumi kuwa mbu katika joto la tambarare. Vimelea huhitaji takriban muda kama huo au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Kisha hupita siku nyingine tisa hadi kumi na nne kabla mtu aliyeumwa hajashikwa na homa. Kwa hiyo kizingiti cha mvua hutangulia kizingiti cha wagonjwa kwa mwezi mmoja na zaidi, ingawa hukosea mara nyingi zaidi. Wanaopambana na viwavijeshi wamekuwa wakitumia hekima hiyo kwa kuunganisha masharti mawili: katika utabiri wa vijijini uliojaribiwa wilayani Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nondo walionaswa katika mtego huhesabiwa pamoja na mvua iliyonyesha, kwa kuwa nondo wengi bila mvua, au mvua bila nondo, havitoshi kumtisha mkulima.

Mbiu inayolia kila siku

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini hiyo ni kwa mbiu inayolia kwa nadra. Tufanye hesabu. Ikiwa takwimu hutawanyika kwa utaratibu wa kawaida, kizingiti cha wastani na mara mbili ya mtawanyiko huvukwa kwa bahati tu katika karibu asilimia 2.3 ya majuma, pasipo ugonjwa wowote mpya. Hiyo huonekana ndogo. Sasa tuchukue wilaya yenye vituo 100 vinavyotoa taarifa za magonjwa 10. Kwa mwaka wa majuma 52, mashine italinganisha mara 52,000, na itapiga mbiu za uongo karibu 1,200, yaani 23 kila juma. Hakuna ofisa atakayezisoma. Baada ya mwezi mmoja ataziweka mahali asipoziona, na siku ya mlipuko wa kweli ujumbe wake utalala humo humo pamoja na wa uongo. Hili ndilo linaloua mifumo mingi ya tahadhari, mijini na vijijini, katika afya na katika biashara. Mitambo yenyewe huharibika mara chache.

Dawa ziko kadhaa. Mojawapo ni kudai majuma mawili mfululizo juu ya mstari kabla ya ujumbe kwenda. Kwa malaria hilo huvumilika; kwa kipindupindu ni uzembe. Nyingine ni kupunguza idadi ya vitu vinavyowekewa mistari, na hapa wataalamu wa takwimu wanastahili kulaumiwa kidogo, maana hupenda kuweka kizingiti kwa kila safu ya jedwali kwa sababu tu inawezekana. Kitu ambacho hakina mtu wa kukishughulikia hakihitaji mbiu. Ya tatu ni kutofautisha mstari wa kuwasha na mstari wa kuzima. Mfano wake ni kipimo cha kina cha mto. Ikiwa tahadhari huwaka maji yakifika sentimeta 100 na kuzimika yakishuka chini ya 100, basi mawimbi madogo yatakayocheza kwenye alama hiyo yatapeleka ujumbe kumi kwa saa moja. Tahadhari ikiwaka kwenye 100 na kuzimika kwenye 80, ujumbe utakuwa mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka.

Ni nini hasa kinachohesabiwa?

Nchi ya Upare ina fundisho la zamani katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959, watafiti wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, waliendesha mradi wa Pare–Taveta. Nyumba za Upare ya Kusini na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrin ili kuona kama malaria ingeweza kukomeshwa mashambani. Mbu Anopheles funestus, ambaye hupenda kuingia nyumbani na kuuma watu, alipungua hata akawa haonekani. Lakini M. T. Gillies na A. Smith walieleza mwaka 1960 kwamba mahali pake palichukuliwa na mbu mwingine wa kundi lilo hilo, Anopheles rivulorum, ambaye kwa macho ni vigumu kumtenga na ndugu yake. Huyu huuma zaidi mifugo na hakuwa tishio kama yule wa kwanza.

Tuwaze kwamba pangekuwako dashibodi wakati huo, yenye safu moja iliyoandikwa «mbu wa kundi la funestus» na kizingiti juu yake. Mstari ungevukwa, mbiu ingelia, na wakubwa wangeambiwa kwamba dawa imeshindwa, ilhali malaria ilikuwa imeshuka. Hesabu ingekuwa sahihi na maana yake kinyume kabisa.

Jambo kama hilo hutokea bila mbu kubadilika, endapo kipimo ndicho kinachobadilika. Kabla ya vipimo vya haraka vya malaria kusambazwa Tanzania Bara, kazi iliyofanyika kuanzia 2009 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, homa nyingi ziliandikwa malaria kwa kukisia dalili. Vipimo vilipofika, idadi ilishuka ghafula katika vitabu, hata pale ambapo ugonjwa ulibaki vile vile. Kizingiti kilichokokotolewa kwa miaka ya kukisia kilikuwa juu mno kwa miaka ya kupima, na kingeweza kukaa kimya juu ya mlipuko halisi. Kila panapobadilika njia ya kupima, au zahanati mpya inapofunguliwa jirani na kuchukua nusu ya wagonjwa, historia ya zamani hapana budi iwekwe kando.

Kisha kuna sifuri. Zahanati isiyoleta taarifa kwa sababu barabara imekatwa na mafuriko, au kwa sababu mhudumu wake pekee ndiye mgonjwa, haina wagonjwa sifuri. Ina wagonjwa wasiojulikana. Mifumo mibovu huijaza nafasi hiyo kwa 0, na mstari hauvukwi kamwe. Huenda hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa, maana mahali panaponyamaza ndipo aghalabu pana msiba. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kuwekwa, kabla ya kanuni ya ugonjwa wowote, ni ile inayopiga mbiu pale taarifa inapokosekana.

Ujumbe na mpokeaji wake

Ujumbe usemao «Tahadhari: malaria» haufai kitu. Unaofaa hutaja kituo, juma, namba iliyopatikana, mstari uliovukwa, na hatua ya kwanza: «Kituo fulani, juma la 22, malaria iliyothibitishwa 26, kizingiti 20. Hakiki kitabu, piga simu kituoni leo, taja idadi ya vipimo na dawa ya mseto iliyobaki.» Kuhakiki kitabu hutangulia mengine kwa kuwa mara nyingi 26 huwa ni 6 iliyobonyezwa vibaya. Kama mratibu wa wilaya hajajibu kwa muda uliopangwa, ujumbe huo huo hupanda ngazi na kumfikia mkubwa wake. Mhudumu wa kituo naye apate nakala. Mara nyingi husahauliwa, naye ndiye aliyeiona ile foleni ya wagonjwa kabla ya mashine.

Kutaja dawa iliyobaki kuna sababu. Akiba ya dawa nayo huwekewa kizingiti cha kuagiza, ambacho hukokotolewa kwa matumizi ya kawaida na muda wa kungojea mzigo kutoka Bohari ya Dawa. Kituo kinachotumia dozi 20 kwa juma na kungoja majuma 6 huagiza kabla dozi hazijapungua 120, pamoja na akiba kidogo ya tahadhari. Lakini matumizi yakipanda mara tatu, dozi 120 ni za majuma mawili, na kizingiti cha bohari bado husema kwamba hali ni shwari. Vizingiti hivi viwili vikikaa katika programu mbili zisizosemezana, mbiu ya ugonjwa italia na rafu za dawa zitakuwa tupu kabla gari halijafika. Yafaa basi kuvukwa kwa kimoja kubadilishe cha pili papo hapo, ama kwa mashine, ama kwa simu ya mtu.

Kabla kanuni yoyote haijawashwa huendeshwa kwanza juu ya takwimu za miaka iliyopita, na majuma ambayo ingelia huandikwa pembeni. Wahudumu wa vituo huulizwa wanakumbuka nini kuhusu majuma hayo. Mganga aliyekuwapo mwaka ule wa wagonjwa 41 hahitaji kompyuta kuukumbuka. Kila mwezi wa Januari mwaka mmoja wa zamani huondolewa katika hesabu na mpya kuingizwa, na mtu mwenye jina huamua ni majuma yapi ya mwaka huo yarukwe kwa kuwa yalikuwa ya mlipuko. Uamuzi wake huandikwa pamoja na sababu zake katika jalada moja na kanuni, ili atakayerithi kiti chake asije akauona mstari ulioko kwenye 20 na kushangaa ulitoka wapi.